Waliongoja Panipati

Kila kitu kiliharibika siku ya Alhamisi, tarehe mbili ya mwezi wa tano, saa nne na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu ndiyo saa simu ilipolia. Kijiji chetu cha Chanoni kilikuwa chini ya maji siku ya tisa, na sisi watu mia nne tulikuwa juu ya kilima tulichoambiwa na wakubwa tupande, maji pande zote, na boti ya msaada moja tu. Nahodha wa boti hiyo nilikuwa mimi. Mke wangu, Mama Hawayu, nilikuwa nimeshamlaza ndani ya boti juu ya mkeka, kuhara kumemkausha mpaka macho yameingia ndani. Hospitali ilikuwa ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu. Injini nimeiwasha, kamba nimeifungua, ndipo Bwana Mwachiro, msimamizi wa kambi, akanipigia kutoka ng'ambo walikokuwa wakubwa. "Jilo, usiondoe boti. Kuna wageni wakubwa wanakuja, watahitaji kuvushwa. Ngoja kidogo." Nikazima injini. Tukangoja. Wageni walifika saa kumi, kwa helikopta, wakashuka juu ya kilima wakavu kama unga, wakagawa mablanketi, wakapigwa picha, wakaruka. Boti hawakuitazama hata kwa jicho moja. Mama Hawayu alikuwa amekata roho tangu saa saba, kichwa chake pajani pangu.

Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu, na yule atakayeona makosa katika maandishi haya asinicheke, aangalie maana. Nimewachukia wale watu kwa chuki ambayo sikujua kama kifua changu kina nafasi ya kuibeba. Nilikuwa nikila chakula nawachukia, nikipangusa injini nawachukia. Siku arobaini na mbili zilipopita, maji yakashuka, wakatuletea kamati ya kuchunguza, watu watano wenye viatu safi, wakakaa chini ya hema nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa. Mimi nilikuwa na swali moja tu, nimelilea tangu siku ile: nani aliamuru boti ingoje? Nikadhani leo jina litatajwa. Bwana Mwachiro akasimama, akajifuta jasho, akasema yeye alipigiwa simu, akaambiwa boti iwe tayari, naye akapitisha ujumbe. Aliyempigia akasimama, kijana mpole mwenye miwani, akasema na yeye aliambiwa na ofisi ya juu yake. Yule wa ofisi ya juu akasema ratiba ya wageni hakuipanga yeye, amri ilitoka juu.

"Juu wapi?" akapaza sauti Bi Mwanatumu, jirani yangu, mwanamke asiyemwogopa mtu. "Juu kuna Mungu peke yake, baba, na Yeye hakupiga simu siku ile, namba ya Jilo hana!"

Watu wakacheka, kicheko cha kwikwi. Mwenyekiti wa kamati akagonga meza akasema tuwe na adabu, akatazama saa, akasema wajumbe waende wakale, turudi saa tisa. Tumetoka pale hatuna jina hata moja.

Nikarudi kwenye turubai langu, jua limewaka, ndani moto kama tanuri, nikajitupa chini. Kichwani niliweka lile blanketi walilotugawia, la kijivu, zito, linalonuka mafuta. Pembeni lina kitambaa kidogo chenye maandishi, nikayasoma herufi moja moja nikitafuta cha kufanya na macho yangu: Panipat, India. Jina hilo nalijua. Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi kwenye karakana ya pampu ya Kalasinga mmoja, Fundi Karneli, na babu yake alitoka huko. Tukifungua injini alikuwa akinihadithia kwamba huko kwao Panipati, kaskazini ya India, kuna uwanda mmoja tambarare ambao wafalme waliupigania mara tatu, kila mara mamia ya miaka au miongo imepita, na kila mara nchi nzima ikabadilika mikono kwa siku moja. "Sisi kwetu, Jilo, tunalima ngano juu ya watu," aliniambia. Siku hizi, alisema, mji huo unapokea nguo kuukuu za dunia nzima, unazichanachana kwa mashine, unazisokota upya kuwa mablanketi ya wenye maafa. Basi nikalala na jina hilo mdomoni, nikachukuliwa.

Nilijikuta nimesimama kwenye nchi bapa kama sinia, haina kilima wala bonde, haradali imechanua njano mpaka mwisho wa macho, na juu yake mbingu nyeupe isiyo na ndege. Mto ulikuwepo lakini umejitenga mbali, kama mtu aliyeona ugomvi akahama. Mbele yangu palikuwa na chungu ya nguo kuukuu yenye urefu wa nyumba mbili, na chini yake ameketi mwanamke mkubwa wa umbo, mikono yake mirefu, anachukua nguo moja moja, anaipasua kwa meno ya chuma yaliyofungwa kwenye gogo, anaikusanya kuwa sufu, anaisokota. Nilipokaribia nikaona ni nguo za askari. Kanzu za vita zenye matobo ya mishale, mikanda, vilemba vilivyoganda damu, na katikati yake vitu ambavyo havikuwa vya askari kabisa: ushungi wa mwanamke, kikoi cha mtoto.

"Karibu, Baba Hawayu," akasema bila kuinua macho. "Mimi ni Kumbukumbu. Ninazipasua zisitambulike, kisha ninazisokota ziwape joto wengine. Watu hulala chini ya kazi yangu bila kujua wamejifunika nini."

Nikamwambia, shikamoo, mimi namtafuta mke wangu.

"Marahaba. Najua. Mkeo yumo uwanjani humu. Yuko hai, kwa kuwa humu hakuna aliyekufa bado, wote wanakaribia kufa, kila siku upya. Yuko kwenye vita ya tatu, ndani ya kambi iliyozingirwa. Ukifika langoni kabla kambi haijavunjwa unaweza kumtoa. Lakini njia ya kwenda ya tatu inapita ya kwanza na ya pili, na hakuna kichochoro. Na ukifika, usifanye haraka ya kulaumu. Mwenye kulaumu anatazama juu, na lango liko usawa wa kifua."

Sikumwelewa. Kusema kweli maneno yake ya mwisho yaliniudhi, nikaona naye ni wa upande wa wakubwa. Lakini alikuwa ameshainuka na kuanza kutembea, na nguo zile zikamfuata nyuma zikijikokota zenyewe kwenye haradali, nami nikafuata.

Tukaingia vita ya kwanza asubuhi. Upande mmoja lilijipanga jeshi la mfalme wa nchi, watu laki moja, ndovu elfu, mpaka ardhi ilitetemeka wakivuta pumzi. Upande wa pili, mbali kidogo, kulikuwa na kundi dogo la wageni kutoka milimani, wamefunga mikokoteni mia saba kwa kamba za ngozi mbichi ya ng'ombe, wamejificha nyuma yake na vyuma vyao vyeusi vya kutema moto. Ndovu mkubwa kuliko wote alibeba mtu mnene mwenye uso mzuri, anajichokonoa meno. Kumbukumbu akaniambia jina lake ni Dharau, mshauri wa mfalme, na mfalme hamsikilizi mwingine.

"Siku ya nane leo tunawatazama," Dharau alikuwa akisema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Wale? Wale ni wachunga mbuzi wamepotea njia. Wamefunga mikokoteni kamba kama wanawake wanaofunga kuni. Waacheni wasikie njaa, watakuja wenyewe kuomba maji."

Mpanda farasi mmoja, kijana, mavumbi mpaka kwenye kope, akamwambia, "Bwana, mimi nimekwenda karibu. Nyuma ya mikokoteni wana mizinga. Ndovu wetu hawajawahi kusikia mzinga."

"Wewe mama yako alikuzaa kwa kelele?" Dharau akamwuliza, na wote waliomzunguka wakacheka. "Ndovu anaogopa kishindo? Ndovu ndiye kishindo!"

Yule kijana akakaza hatamu. Nilimtazama sana. Angeweza kusema tena, akanyamaza, akageuza farasi akarudi kwenye mstari wake. Kisha mfalme akaamuru kusonga mbele, wakasonga wote kwa pamoja, wa nyuma wanawasukuma wa mbele, na wa mbele walipofika kwenye mikokoteni hawakupata pa kupita wala pa kurudi. Vyuma vikatema. Ndovu wakageuka. Jamani, nimeona mafuriko yakichukua nyumba ya jiwe, lakini sijaona kitu kama ndovu elfu wakigeuka kukimbilia watu wao wenyewe. Kufika adhuhuri mfalme alikuwa amelala katikati ya rundo la wafu na hakuna aliyejua yupi ni yeye. Dharau hakufa. Alishuka kwa ndovu wake taratibu, akajipangusa, akavuka mikokoteni, na nilipogeuka nilimwona amekwisha kuketi upande wa washindi, anajichokonoa meno.

"Huyu hafi?" nikauliza.

"Hafi. Anahama," akasema Kumbukumbu, akainama kuokota kanzu ya yule kijana mpanda farasi, akaitia kwenye mzigo wake.

Miaka thelathini tuliipita kwa hatua chache. Haradali ikakauka, ikaota tena, na uwanja ukajaa upya. Safari hii jemadari wa jeshi kubwa hakuwa mtoto wa mfalme. Alikuwa mtu aliyeanza kwa kuuza vitu barabarani, akapanda ngazi kwa akili yake, akashinda vita ishirini na mbili bila kushindwa hata moja, na siku ile alikuwa anakaribia kushinda ya ishirini na tatu. Moyo wangu ukamfurahia. Nikasema, huyu ni wetu, huyu ameonja vumbi. Alikaa juu ya ndovu kwenye kiti kirefu ili kila askari amwone, maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Askari hakutazama adui, hakutazama mwenzake, alitazama kile kiti. Kiti kikiwa na mtu, anapigana. Na katikati yao alitembea bibi mmoja mzuri wa sura, mwenye shingo ndefu iliyopinda kwa kutazama juu, akiwashika mabega na kuwageuza nyuso. Aliitwa Tegemeo.

"Mtazameni yeye," alikuwa akiwaimbia. "Mtazameni yeye tu, msijisumbue na mengine. Yeye anaona kwa niaba yenu."

Nikamkaribia mmoja, baba wa makamo, mkuki wake umelowa, anasonga mbele vizuri kabisa. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, mnashinda?"

"Sijui," akanijibu, shingo juu. "Bado yupo?"

"Nani?"

"Usinichanganye, mzee. Bado yupo kitini?"

Ndipo mshale ukaja. Ulikuwa mmoja tu, haukuwa na ukubwa wala jina, ukamwingia jemadari kwenye jicho. Akaanguka ndani ya kiti, hakuonekana tena. Na mimi niliyekuwa chini niliona kwa macho yangu kwamba pale tulipo adui alikuwa amekwisha kurudi nyuma, njia ni nyeupe, hatua mia moja zaidi vita ingekwisha. Nikamshika yule baba nikamwambia, "Songa! Mbele hakuna mtu!" Akanitazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa nyumba ikiungua. "Kiti kitupu," akasema. Akatupa mkuki. Wakatupa wote. Wakakimbia kutoka kwenye ushindi wao wenyewe, wakichinjwa migongoni, na Tegemeo katikati yao bado ameinua shingo, anatafuta pengine kuna kiti kingine.

Nililia pale, siwafichi. Nikamwambia Kumbukumbu nimechoka, nipeleke kwa mke wangu.

"Ya tatu ina njaa," akasema. "Jikaze."

Tulifika asubuhi ya baridi. Nilikuwa nimetegemea kuona jeshi, nikaona mji. Wakubwa wa jeshi hili walikuja kutoka kusini, mwendo wa miezi, na kwa kuwa waliamini hakuna wa kuwapiga waliwachukua nyuma yao watu wasiokuwa wa vita hata kidogo: wake zao, wapishi, wauza bangili, na maelfu ya mahujaji waliotaka tu kuoga kwenye mito mitakatifu chini ya ulinzi. Kila askari mmoja alikuwa na vinywa kadhaa nyuma yake. Kisha adui akawazunguka, akakata njia za nafaka, nao wakachimba handaki kubwa, wakajifungia ndani. Miezi miwili na zaidi. Harufu ile niliijua kabla sijaiona kambi. Ni harufu ya watu wengi mahali padogo bila maji safi. Ni harufu ya kilima chetu.

Njaa mwenyewe alikuwa amekaa pale wazi, mtu mkimya, hana ubaya wa maneno, anapita hema kwa hema kama mgeni aliyealikwa. Lakini aliyenitia hasira hakuwa yeye. Ni binti mmoja aliyevaa vizuri, sauti tamu, aliyebeba chungu kilichofunikwa kitambaa cheupe, na kila alipopita watoto walimfuata. "Nafaka iko njiani," alikuwa anasema. "Imeshapakiwa. Imekwama tu kidogo kwenye kivuko. Kesho, keshokutwa ikichelewa." Huyo ndiye Ahadi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwambia, "Dada, hebu tufunulie basi tuone hicho chungu," naye akacheka kwa upole, akasema, "Mama, nikikifunua kitapoa." Nikamrukia. Nikataka kukivunja kile chungu kichwani pake. Kumbukumbu akanishika mkono. "Mkeo," akasema tu.

Maana vita ilikuwa imeanza. Wanaume waliobaki na nguvu walikuwa wamejipaka manjano usoni, ishara kwamba hawarudi, wakatoka na matumbo matupu kupigana na watu walioshiba. Mpaka adhuhuri walikuwa bado wamesimama, na hilo ni jambo la ajabu. Kisha nikaona kwa mbali ndovu wa jemadari, na juu yake kiti, na ndani ya kiti hakuna mtu. Nilijua kitakachofuata. Vumbi likaanza kuja upande wetu, vumbi la wapanda farasi, na ndani ya handaki waliobaki walikuwa wanawake, wazee, watoto na wagonjwa. Upande wa kusini wa kambi palikuwa na lango la magogo, na ng'ambo yake njia ilikuwa tupu kabisa, mashamba ya ngano mpaka upeo wa macho. Watu wangeweza kutoka. Muda ulikuwepo.

Hapo Kumbukumbu akasimama. "Mimi siendi mbele ya hapa," akasema. "Kazi yangu ni yale yaliyokwisha. Lango hili halijaisha, linafungwa kila siku." Akaketi juu ya mzigo wake akanigeuzia mgongo.

Nilijikuta upande wa nje wa lango, na hapo alisimama mzee mmoja nadhifu. Nguo zake zimefuliwa, kucha zimekatwa, uso wa mtu ambaye ungemwachia watoto wako ukisafiri. Aliniamkia yeye kwanza ingawa ndiye mkubwa. Jina lake Utii.

"Mzee wangu," nikamwambia nikihema, "nifungulie. Mke wangu yumo. Wale wanakuja, tazama vumbi."

"Naliona, ndugu yangu. Pole sana. Sina neno na mkeo, sina neno na mtu yeyote. Nimeambiwa lango lisifunguliwe mpaka ije amri."

"Ije kutoka wapi?"

"Kwa jemadari."

"Jemadari gani? Kiti ni kitupu! Hebu geuka uone!"

Akageuka, akaona, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Ndiyo. Na kiti kitupu hakiwezi kutoa amri ya kufungua. Lakini hakiwezi kufuta ile ya kufunga."

Nikamtukana. Nilimtukana matusi ambayo Fundi Karneli hakuyasema hata gari lilipomwangukia mguuni. Nikamwita kibaraka, nikamwita muuaji mwenye sabuni, nikamwambia wakubwa wake wamemsahau, hawajui hata jina lake, yeye anasimama hapa kama kigingi cha kufungia mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anayesikiliza mgonjwa.

"Una haki ya kukasirika," akasema. "Nitakufanyia hivi. Nitakwenda kuuliza. Sijawahi kuacha lindo, lakini kwa ajili yako nitakwenda mwenyewe nikauliza. Nishikie hili gogo nisije nikakuta limeanguka."

Nikashukuru. Mungu wangu, nilimshukuru kwa mikono miwili. Nikaweka viganja vyangu kwenye lile gogo la lango, laini, limelainishwa na mikono mingi, na yule mzee akaondoka kwa mwendo wa heshima kuelekea kwenye vumbi. Nikasimama imara. Ndipo wanawake wakafika kwa ndani, wengi, wakijaa mpaka kwenye magogo, na wa mbele kabisa alikuwa Mama Hawayu. Alikuwa amekonda, lakini anasimama mwenyewe kwa miguu yake, kitambaa chake cha kichwa amekifunga upande kama anavyofunga siku ya soko.

"Ala, Baba Hawayu!" akasema, na sauti ilikuwa ileile. "Mbona umekongoroka hivyo? Nani anakupikia, au unakula mafuta ya injini?"

Nikacheka na kulia pamoja.

"Haya, utalia tukifika. Fungua basi."

Nyuma yake nilisikia kwato. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Gogo lile halikuwa zito, nawaambia ninyi mnaosoma, halikuwa na kufuli, halikuwa na msumari. Mtoto angeliinua. Na mimi nikalishika vizuri zaidi, nikamtazama mke wangu machoni, nikamwambia kwa upole kabisa, "Ngoja kidogo, Mama Hawayu. Mwenye lango amekwenda kuuliza."

Niliamka na maneno hayo bado yako mdomoni, nimeyasema kwa sauti, turubai zima limeyasikia. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa. Nje kipaza sauti cha kamati kilikuwa kinaita watu warudi, saa tisa imefika, na mimi nilikaa pale chini nimelowa jasho, ule ujinga wangu wote wa siku arobaini na mbili unanitoka polepole kama maji machafu yanavyotoka nyumbani, yakiacha tope. Kumbe nilikuwa nikimtafuta mtu wa juu kabisa, yule wa mwisho kwenye ngazi, nimpate nimtemee mate. Na sijaacha kumtafuta, wala sitasamehe, msije mkasema ndoto ilinilainisha. Walioweka watu mia nne juu ya kilima na boti moja, kisha wakaja kupigwa picha, hao wana lao mbele ya Mungu. Lakini amri ile ilishuka kutoka mdomo hadi mdomo bila uzito wowote, hewa tupu, mpaka ilipofika kwenye mkono ulioweza kugeuza kitu cha chuma. Mkono huo haukuwa wa kwao.

Nikaenda hemani. Bi Mwanatumu akanisogezea nafasi, akaninong'oneza, "Jilo, uso wako umekuwaje? Umeumwa?" Nikaketi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali kabla hawajafunga, nikanyosha mkono. Kila mtu alijua nitauliza nini, hata Bwana Mwachiro alikwisha kuinamisha kichwa kulipokea.

"Andikeni jina langu," nikasema. "Jilo Hiribae, nahodha wa boti. Injini ilikuwa inawaka. Mimi ndiye niliyeizima."

Karani hakuandika, alimtazama mwenyekiti akimwuliza kwa macho kama aandike. Binti yangu Hawayu, aliyekuwa amesimama nyuma na kina mama, akajifunika uso kwa leso.

"Mzee Jilo," akasema Bwana Mwachiro, na alikuwa anasema kwa moyo mwema, "hakuna mtu anayekulaumu wewe. Ulifuata amri."

"Hilo naelewa, Bwana Mwachiro. Na wewe ulifuata. Na huyu wa miwani alifuata. Basi nataka niwaulize ninyi nyote mliokaa hapo, na nijibiwe na yeyote, hata karani. Boti ilikuwa na mafuta. Mke wangu alikuwa hai. Askari mwenye bunduki kilimani hakuwepo, mlikuwa mbali, simu ningeweza kuizima."

Nikauliza swali langu, na mwenyekiti akatazama karatasi zake. Akazigeuza, akazirudisha. Yule kijana akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilisimama mpaka miguu ikauma, kisha wakafunga kikao kwa sala, wakapanda magari. Nimewaandikia barua mbili tangu siku hiyo, Hawayu akinisaidia herufi, na zote zina swali lilelile, wala sijui siku hizi kama ninawauliza wao au namwuliza yule aliyekuwa ameshika usukani: kama ningeondoka bila ruhusa yenu, asubuhi ile, mngenifanya nini?